Simu mpya mkononi, mtandao hausomi: Nani alibeba gharama ya foleni ya iPhone?

IJUMAA ya Julai 11, 2008, wateja wengi katika miji ya Marekani walitoka madukani na simu mpya za iPhone 3G ambazo zisingeweza kumpigia ndugu, jirani wala mteja wa biashara. Baadhi yao walikuwa wamekesha nje ya duka. Mkataba wa miaka 2 ulikuwa umesainiwa, pesa imelipwa na risiti imetoka. Simu iliwaka vizuri, lakini kioo kilikuwa kinamtaka mwenye simu aiunganishe kwanza na programu ya iTunes kwenye kompyuta. Hadi hilo lifanyike, simu iliyopatikana kwa foleni ya saa kadhaa ilikuwa na kazi moja tu, kupiga namba ya dharura.

Simu zenyewe hazikuwa mbovu. Kilichokwama ni kompyuta za mbali za kampuni ya Apple, zile zinazoitwa seva, ambazo kila simu mpya ililazimika kuziomba ruhusa kabla ya kuanza kazi. Maombi yalimiminika kwa wakati mmoja na seva zikaelemewa. Wauzaji wa AT&T, kampuni pekee ya simu iliyoruhusiwa kuiuza iPhone Marekani wakati huo, walilazimika kuwaambia wateja waende nyumbani wakamalizie wenyewe. AT&T ilisema kikwazo kiko kwenye iTunes, yaani kwa mwenzake.

Uingereza hali ilikuwa hivyohivyo. Kampuni ya O2 ilifungua maduka yake asubuhi ya siku hiyo na muda si mrefu mfumo wake wa kuunganisha wateja ukaanza kusuasua. Siku chache kabla ya hapo tovuti yake ilikuwa imekwisha kuzidiwa na watu waliotaka kuagiza mapema. Simu hiyo iliingia sokoni katika nchi zaidi ya 20 siku hiyo, na kila nchi ilipoamka ilijiunga na foleni ileile.

Mkulima au mwenye kiduka anaweza kuuliza, haya yanamhusu nini? Yanamhusu kwa sababu bidhaa nyingi anazonunua na kuuza siku hizi haziishii kwenye kulipa na kukabidhiwa. Laini ya simu haifanyi kazi hadi isajiliwe. Mfuko wa mbolea ya ruzuku hautoki hadi mfumo uitambue namba ya mkulima. Fedha za mauzo zipo kwenye simu, lakini hazitoki hadi mtandao ukubali. Katika mambo yote hayo mnunuzi anakuwa amekwisha kutoa chake, na ufunguo wa mwisho unabaki kwa mtu ambaye hamuoni.

Kuwezesha simu maana yake nini

Kila simu ina namba yake ya utambulisho iliyowekwa kiwandani, na kila laini ina namba yake. Simu ya iPhone ilipounganishwa na kompyuta yenye iTunes, programu hiyo ilichukua namba hizo na kuzipeleka kwa seva za Apple. Seva ziliangalia kama namba hizo zinakubaliana na kumbukumbu zilizopo, kisha zikarudisha kibali ambacho simu ilikihifadhi na kuanza kufanya kazi. Kama mambo yanakwenda sawa, shughuli nzima ni ya dakika chache.

Ni mfano wa kibali cha kusafirisha mazao. Gari lipo, mzigo umepakiwa na dereva yuko tayari, ila karatasi haijagongwa muhuri na mwenye muhuri ana watu mia tano mlangoni.

Tofauti kubwa kati ya mwaka 2007 na 2008 ni mahali kazi hii ilipofanyika. Simu ya kwanza ya iPhone ilipoanza kuuzwa Marekani saa 12 jioni Juni 29, 2007, mteja aliinunua kama anavyonunua redio. Alilipa dola 499 kwa ile ya gigabaiti 4 au dola 599 kwa ile ya gigabaiti 8, akaondoka nayo. Mkataba na AT&T aliuingia mwenyewe nyumbani kupitia iTunes. Apple iliona kuwa hilo lingemwondolea mteja usumbufu wa kukaa dukani akijaza fomu mbele ya karani.

Wazo lilikuwa zuri, na wengi walifanikiwa. Lakini wapo waliosubiri saa nyingi, na wengine zaidi ya siku nzima. Walioumia zaidi ni wale waliotaka kuhama na namba zao kutoka kampuni nyingine za simu, pamoja na wale ambao namba zao zilikuwa chini ya akaunti za kampuni walizofanyia kazi. Kundi la kwanza lilitegemea kampuni mbili zikubaliane, na ile inayopoteza mteja haina haraka. Kundi la pili liligundua kuwa mfumo haukuandaliwa kwa ajili ya akaunti za aina hiyo. Msemaji wa kampuni anaweza kusema, kama AT&T ilivyosema, kuwa ni asilimia ndogo tu ya wateja waliopata tatizo. Kwa fundi bomba au dalali wa nyumba ambaye namba yake ndiyo ofisi yake, siku moja bila namba ni siku moja ya kazi iliyopotea.

Pengo la simu 124,000

Ukubwa wa tatizo hilo ulianza kuonekana wiki nne baadaye, na ulionekana kwenye soko la hisa. Julai 24, 2007 AT&T ilitangaza kuwa iliunganisha wateja 146,000 wa iPhone katika siku mbili za mwisho za robo mwaka iliyoishia Juni 30. Wawekezaji walikuwa wametarajia namba kubwa zaidi. Hisa za Apple zilishuka kwa takriban asilimia 6 siku hiyohiyo.

Kesho yake Apple nayo ikatoa hesabu zake. Ilisema iliuza simu 270,000 katika saa 30 za mwanzo. Ukitoa 146,000 zinabaki 124,000, yaani karibu nusu ya simu zote zilizouzwa zilikuwa hazijaunganishwa kwa AT&T kufikia mwisho wa Juni.

Si haki kusema zote zilikwama kwenye mtandao. Nyingine zilinunuliwa Jumamosi jioni na mwenye nazo hakuwa amekaa kwenye kompyuta. Nyingine zilinunuliwa na walanguzi waliopanga foleni ili kuziuza kwa bei ya juu. Na lipo kundi jingine ambalo msomaji wa Kariakoo au Kampala atalitambua haraka, la watu walionunua simu bila nia yoyote ya kuwa wateja wa AT&T.

Hao walisubiri loki itolewe. Julai 3, 2007, siku nne tu baada ya mauzo kuanza, Jon Lech Johansen wa Norway, kijana aliyejulikana tangu awali kwa kuvunja ulinzi wa DVD, alitoa njia ya kuiwezesha iPhone bila mkataba wa AT&T, ingawa kwa njia hiyo haikuweza kupiga simu. Agosti mwaka huohuo George Hotz, mwenye umri wa miaka 17 kutoka New Jersey, alifanikiwa kuifanya ikubali laini ya kampuni nyingine. Simu moja aliyoifungua aliibadilisha kwa gari aina ya Nissan 350Z na iPhone nyingine tatu. Kwa biashara ya kubadilishana mali kwa mali, si haba.

Oktoba 2007 Apple ilikadiria kuwa kati ya simu milioni 1.4 ilizokuwa imeuza, takriban 250,000 zilinunuliwa na watu waliokusudia kutoa loki. Hiyo ni karibu simu moja kati ya kila sita. Wakati huo AT&T ilikuwa ikimgawia Apple sehemu ya malipo ya kila mwezi ya mteja, kwa hiyo kila simu iliyokwenda nje ya mkataba ilikuwa shimo kwenye mfuko wa kampuni zote mbili.

Kwa nini mteja alirudishwa dukani

Simu ya pili, iPhone 3G, ilitangazwa Juni 9, 2008 kwa bei iliyoshangaza wengi. Ile ya gigabaiti 8 ilikuwa dola 199 na ya gigabaiti 16 dola 299. Kabla yake gigabaiti 8 ilikuwa inauzwa dola 399, baada ya punguzo la Septemba 2007 ambalo nalo lilizua kelele. Waliokuwa wamelipa dola 599 miezi miwili tu kabla ya hapo walilalamika hadi Steve Jobs, mkuu wa Apple, akaandika barua ya wazi na kuwapa hati ya manunuzi ya dola 100.

Dola 199 haikuwa bei kamili ya simu. AT&T ilikuwa inabeba sehemu ya gharama na kuirudisha kidogokidogo kupitia malipo ya mwezi. Malipo ya intaneti yalipanda kutoka dola 20 hadi dola 30 kwa mwezi. Ujumbe mfupi wa maandishi, ambao awali mteja alipewa 200 ndani ya kifurushi, sasa ulilipiwa dola 5 pembeni.

Hesabu yake ni rahisi. Mteja aliokoa dola 200 kwenye bei ya kununulia. Nyongeza ya dola 10 kwa mwezi kwa miezi 24 ni dola 240. Akiongeza na dola 5 za ujumbe mfupi, ni dola 120 nyingine. Simu ya bei nafuu ikawa imemgharimu dola 160 zaidi ya ile ya bei ghali, ingawa ni kweli kwamba intaneti yake ilikuwa na kasi kubwa zaidi. Mkulima aliyewahi kuchukua pembejeo kwa mkopo na kulipa kwa magunia wakati wa mavuno hatashangazwa na hesabu ya namna hii.

Kwa kuwa simu ilikuwa imefadhiliwa, AT&T haikuwa tayari kuona mtu anaibeba kwa dola 199 na kwenda kuitoa loki. Ndiyo sababu utaratibu wa kuwezesha nyumbani ulifutwa. Kila mnunuzi alitakiwa kusaini mkataba na kuunganishwa palepale dukani, mbele ya muuzaji. Kampuni ilikuwa imeziba shimo lililovuja mwaka uliotangulia.

Hapo ndipo foleni ilipozaliwa. Mwaka 2007 mteja mmoja alihitaji dakika chache za muuzaji. Mwaka 2008 alihitaji robo saa au zaidi, kwa kuwa kulikuwa na kuangalia historia yake ya kulipa madeni, mkataba, kisha kuunganisha simu. Na mfumo ulipolala, mteja wa mbele hakutoka na wa nyuma hakuingia. Hatua iliyowekwa kulinda mapato ya kampuni ililipwa kwa muda wa wateja waliokuwa nje.

Muda huo una bei. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani siku hiyo kilikuwa dola 5.85 kwa saa. Aliyekaa foleni saa 6 alipoteza angalau dola 35, ambazo ni zaidi ya malipo ya intaneti ya mwezi mzima. Gharama hiyo haikuandikwa kwenye vitabu vya Apple wala vya AT&T. Hakuna mhasibu aliyeiona.

Hesabu ya mzani mmoja

Wakulima wa pamba na korosho wanaijua hesabu hii bila kufundishwa. Chukulia mzani wa chama cha msingi unaweza kupima wakulima 100 kwa saa. Wakija 90 kwa saa, hakuna tatizo, na karani anapata nafasi ya kunywa chai. Wakija 110, foleni inaongezeka kwa watu 10 kila saa, na baada ya saa 8 kuna watu 80 wamekaa juu ya magunia. Tofauti kati ya siku tulivu na siku ya vurugu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Kwa kompyuta mambo ni mabaya zaidi. Mkulima aliye kwenye foleni ya mzani ni mmoja, hata akikasirika anabaki mmoja. Mteja wa simu anayeona ujumbe wa kushindwa hubonyeza tena, na tena. Kila anapobonyeza, kwa seva hiyo ni mteja mpya mlangoni. Foleni ya watu 80 inaweza kugeuka maombi 800. Kadiri mfumo unavyozidiwa, ndivyo wateja wake wanavyouongezea mzigo, na hakuna wa kuwalaumu kwa kuwa wanachokifanya ndicho ambacho mtu yeyote angefanya.

Sasa ongeza jambo ambalo Apple ililifanya Julai ile, na ambalo kwa mtazamo wa kiuchumi ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kampuni haikuzindua simu tu. Ndani ya siku hizo chache ilifungua duka la programu, App Store, likiwa na programu takriban 500. Ilitoa toleo jipya la mfumo wa uendeshaji kwa ajili ya simu za zamani. Ilianzisha pia huduma ya barua pepe na kuhifadhi kumbukumbu iitwayo MobileMe, kwa dola 99 kwa mwaka. Vitu vinne, wiki moja.

Wenye simu za zamani ndio waliostahili hasira kuliko wote. Apple ilikuwa imekwisha kuuza simu za mwanzo zipatazo milioni 6. Mwenye simu hiyo alipoweka toleo jipya, simu yake ilifutwa, ikawekewa mfumo upya, halafu ikarudi kuomba kibali kwenye seva zilezile zilizokuwa zimeelemewa na wanunuzi wapya. Asubuhi alikuwa na simu nzima. Mchana alikuwa na kitu kisichofanya lolote zaidi ya simu ya dharura. Hakununua chochote siku hiyo wala hakukaa foleni ya mtu. Alifuata ushauri wa kuboresha simu yake, basi.

Kuelekea jioni ya siku ile hali ilianza kutengemaa kwa wengi. Jumatatu iliyofuata Apple ilitangaza kuwa imeuza simu milioni 1 katika siku tatu. Simu ya mwaka 2007 ilihitaji siku 74 kufikia idadi hiyo. Hapo mtu anaweza kuona kwa nini wakubwa wa kampuni hawakukosa usingizi kwa sababu ya Ijumaa.

MobileMe ndiyo iliyowakosesha usingizi. Kwa siku kadhaa takriban asilimia 1 ya wateja wake hawakuweza kufungua barua pepe zao, na Apple ililazimika kuwaongezea wateja siku 30 za bure, kisha 60 nyingine. Mapema Agosti 2008 Jobs aliwaandikia wafanyakazi wake akikiri kuwa lilikuwa kosa kuzindua huduma hiyo wakati mmoja na simu mpya, mfumo mpya na duka la programu.

Kosa lilelile, mwaka baada ya mwaka

Je, somo lilieleweka? Juni 19, 2009 ilikuja iPhone 3GS. Safari hii seva zilistahimili zaidi, lakini kuna wateja walioambiwa wasubiri hadi saa 48 simu zao ziunganishwe. Apple iliwaomba radhi na kuwapa kila mmoja dola 30 za kutumia katika duka la iTunes. Fidia hiyo inastahili kutajwa kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza muda wa mteja wa kuwezesha simu kupewa bei na kampuni yenyewe. Hata hivyo, ilikuwa fedha ya kutumia katika duka la yule aliyekosea. Ni kama mwenye mashine ya kukoboa aliyekuchelewesha siku mbili kukulipa kwa kukukobolea debe jingine bure. Ni afadhali kuliko kukosa, lakini mpunga unaurudisha kwake.

Juni 15, 2010 mambo yaliharibika hata kabla ya simu kufika dukani. Apple na AT&T zilianza kupokea maagizo ya iPhone 4, na mifumo ikaanguka siku hiyohiyo. AT&T ilisema tovuti yake ilipata zaidi ya watu milioni 13 waliotaka kujua kama wanastahili kubadilishiwa simu, takriban mara tatu ya rekodi yake ya awali. Apple ilipokea maagizo zaidi ya 600,000 kwa siku moja, ikaomba radhi kwa waliokatishwa tamaa. AT&T ikasimamisha kupokea maagizo.

Kampuni yenye fedha kiasi hicho kushindwa miaka minne mfululizo haiwezi kuelezwa kwa uzembe peke yake. Kujenga uwezo wa kuhudumia siku moja ya mafuriko maana yake ni kununua mashine ambazo siku 364 zilizobaki zitakaa bure. Mwenye ghala hajengi ghala la kutosha mavuno ya mwaka wa neema ambao huja mara moja katika miaka kumi. Hadi hapo kampuni ina hoja.

Lakini mavuno huletwa na mvua. Siku ya uzinduzi huchaguliwa na kampuni yenyewe, pamoja na saa ya kufungua milango. Ingeweza kuuza mji kwa mji, au kuwapa wenye simu za zamani toleo jipya wiki moja baadaye. Haikufanya hivyo kwa sababu foleni ndefu nje ya duka ilionyeshwa kwenye televisheni bila kulipiwa, na hakuna tangazo la kununua linaloweza kushindana na hilo. Msongamano ulikuwa sehemu ya biashara, na gharama yake ilibebwa na aliyesimama ndani yake.

Lipo pia suala la mteja kukosa pa kwenda. Hadi Februari 10, 2011, Verizon ilipoanza kuiuza, hakukuwa na kampuni nyingine ya simu Marekani yenye iPhone. Aliyechoshwa na AT&T alikuwa na njia mbili, kuvumilia au kuachana na simu hiyo, na akishasaini mkataba, kuuvunja kulikuwa na faini.

Nyumbani

Afrika Mashariki imepitia foleni zake, ingawa nyingi huja mwisho wa muda badala ya mwanzo. Tanzania ilipoanza kusajili laini kwa alama za vidole Mei 1, 2019, miezi ya kwanza vituo vilikuwa na nafasi. Msongamano ulikuja Desemba, kwa sababu usajili ulihitaji namba ya kitambulisho cha Taifa na wengi hawakuwa nayo. Muda uliotakiwa kuisha Desemba 31 ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Waliopanga foleni kwenye ofisi za vitambulisho walikuwa na wasiwasi mmoja na yule mnunuzi wa iPhone, kwamba laini itakuwa mkononi na haitafanya kazi. Tofauti ni kwamba laini ya mama anayeuza nyanya ndiyo pia benki yake.

Mbolea ya ruzuku ni mfano wa karibu zaidi na mkulima. Kuanzia msimu wa 2022/23 nchini Tanzania, mkulima huandikishwa kwenye mfumo wa kidijitali na kupewa namba, na muuzaji wa pembejeo hutakiwa kuithibitisha kwenye mfumo kabla ya kutoa mfuko. Utaratibu umewekwa kwa sababu inayofanana na ile ya AT&T, kwani bidhaa imefadhiliwa na mfadhili hataki ivuke mpaka au kuuzwa kwa asiyestahili. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini mvua za kwanza zikinyesha, wakulima wa mkoa mzima huhitaji mbolea ya kupandia ndani ya wiki moja au mbili, na mtandao ukigoma wiki hiyo hasara haihesabiwi kwa saa. Mahindi yaliyochelewa kupandwa hayarudishiwi siku zake kwa hati ya dola 30.

Kwa wenye maduka ya pembejeo na mawakala wa fedha, kuna mambo ya kufanya bila kusubiri wakubwa. Kuhakiki namba za wateja wa kudumu wiki kadhaa kabla ya msimu ni kazi ya jioni chache, na huondoa sehemu ya foleni ambayo haina ulazima. Mtandao unapokata, ni afadhali kuandika majina na kuwaita watu kwa zamu kuliko kuwaacha wote wakisukumana dirishani huku msaidizi akibonyeza kitufe kilekile mara ishirini. Na mteja aambiwe ukweli kabla hajatoa pesa, siyo baada ya kutoa. Wauzaji wengi wa iPhone siku ile waliendelea kupokea malipo huku wakijua kuwa iTunes imekwama, na hasira za wateja waliorudi nyumbani na simu zisizofanya kazi zilianzia hapo.

Kwa upande wa mnunuzi, kitu cha kuuliza ni kama anaweza kubaki na cha zamani hadi kipya kithibitike. Walioboresha simu zao Julai 11 asubuhi walijifunga bila njia ya kurudi siku hiyo. Waliongoja hadi Jumatatu walipata mfumo uleule, bure, bila kupoteza hata simu moja.

Apple yenyewe iliondoa ulazima wa kompyuta Oktoba 12, 2011, ilipotoa toleo la tano la mfumo wake ambalo liliruhusu simu kujiunganisha yenyewe bila iTunes. Siku hiyo seva zilizidiwa tena na waliotaka kulipakua. Siku mbili baadaye, iPhone 4S ilipoingia sokoni, baadhi ya wateja wa AT&T walilalamika kuwa simu zao zinachelewa kuunganishwa, na kampuni ikaeleza kuwa sababu ni idadi kubwa ya wateja ambayo haijapata kuiona.